Siku Tano za Binti Mfalme

Kuku wa kwanza aliletwa Jumatano asubuhi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Aliyemleta ni Mama Gervas, mtu mzima anayeuza ndizi njia panda ya Bigwa, na hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni ameinamisha kichwa, akamkabidhi Mwanvita yule kuku kwa mikono miwili.

"Wa mtoto," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu amkuze."

"Ahsante mama. Jamani, umejisumbua. Karibu ukae."

"Hapana mwanangu. Kila jambo na wakati wake. Nitakuja siku yenyewe."

"Jumamosi."

"Jumamosi, tumesikia."

Mwanvita alibaki na kuku mkononi. Ni kweli Jumamosi mwanawe Sabra alikuwa anatimiza miaka tisa, na ni kweli aliwagusia majirani wawili watatu kwamba kutakuwa na kasherehe. Lakini tangu lini watu wa Bigwa wakaleta kuku kwa ajili ya siku ya kuzaliwa? Huku mtoto akikumbukwa sana humwagiwa ndoo ya maji na wenzake, wakacheka, mambo yakaisha. Alimfunga kuku nyuma ya jiko, moyo mweupe. Aliona mtaa umeanza kustaarabika.

Mchana likaja bakuli la unga, limefunikwa kitambaa safi. Alhamisi kuku wa pili, pamoja na shanga nyeupe zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Mtu mwingine angejiuliza. Mwanvita hakujiuliza, alikuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza mwaka mzima nyuma. Mwanvita ni mfagizi wa ukumbi mmoja wa sherehe mjini Morogoro. Wenye sherehe wakishaondoka, yeye ndiye anayebaki na vilivyomwagika, na macho yake yamejifunza kuchagua. Utepe wa waridi wenye doa la soda, ukifuliwa unarudi. Maua ya plastiki yaliyokatika shingo yanasimama kwa kijiti. Taji la watoto lililopungua vito viwili nalo alilibeba. Kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa bango la picha ya binti mfalme, mzungu mwenye nywele za njano zilizomfika miguuni, amesimama ndani ya jumba kubwa, na juu yake maandishi ya dhahabu: HONGERA CATHERINE. Hilo alimwomba msimamizi wa ukumbi, na msimamizi akamwambia achukue haraka kabla watu hawajaanza kuuliza kwa nini wafagizi wanaondoka na mizigo.

Sasa vitu vyote vilikuwa vimetoka kwenye magunia na kutandazwa sebuleni. Juu ya jina la Catherine, Mwanvita alishona maua saba. Mumewe Stambuli, seremala, alikuwa akibadilisha dawati bovu la shule kuwa kiti cha enzi. Alilitia mgongo mrefu, akaupaka rangi ya dhahabu, akarudi nyuma na kuutazama.

"Mke wangu, niulize kitu."

"Uliza."

"Huyu binti mfalme ni mtoto wa mfalme wa wapi?"

"Baba Sabra, paka rangi."

"Nauliza tu. Sisi huku mlimani mfalme hatukuwa naye. Tulikuwa na wakubwa wa koo, basi. Mtu nikimtengenezea kiti napenda kujua anakokaa."

Mwanvita alicheka. Hakujua jibu, na wala hakuona kwamba alihitaji kulijua. Alichojua ni kwamba kila Jumamosi ukumbini alimwona mtoto wa mtu amekaa juu ya kiti kama kile, na watoto wenzake wamemzunguka. Kila mara alipokuwa akiokota sahani zao alimwona Sabra kwenye nafasi hiyo. Alilitaka jambo hilo mara moja tu. Wenzake Sabra waje, kumi, kumi na wawili, wamzunguke mwanawe.

Sabra mwenyewe alikuwa chumbani, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Jumatatu msusi alikuwa na nafasi, naye Sabra alikuwa likizo, ndiyo maana akasukwa mapema. Alifungwa rasta za njano mpaka kiunoni, juu ya nywele za shule ambazo msusi alizivuta mpaka mtoto akatoa machozi. Vumbi la Bigwa mwezi wa sita halina adabu. Mwanvita akaona mtoto akiachwa nje, Jumamosi rasta zitakuwa nyekundu. Tena alitaka wenzake wamwone siku hiyo hiyo tu, washangae. Hivyo akamweka ndani. Kila jioni alimlowesha miguu kwenye beseni, akamsugua nyayo, akampaka mafuta ya nazi. Choo kipo nje, nyuma ya migomba, na kila Sabra alipotaka kwenda, mama yake alimfunika kanga kuanzia utosini mpaka vifundoni, akamshika mkono, akampeleka na kumrudisha.

"Mama, binti mfalme hachezi?"

"Anacheza. Ndani."

"Na nani?"

"Usilalie upande huo, unavunja nywele."

"Mama, Hosiana aliniita dirishani jana. Mbona leo hajaniita?"

"Ana kazi kwao. Kunjua miguu."

Sabra alikunjua miguu. Ni mtoto mwenye maswali kama kisima chenye maji, ukichota yanajaa tena. Lakini siku hiyo ya nne alikuwa ameanza kuuliza kwa sauti ndogo.

*

Simu iliita Alhamisi jioni. Alikuwa Hamza, kaka yake Mwanvita, anayelima karafuu na ndizi Matombo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wazima?"

"Wazima. Habari za huko?"

"Huku tupo. Habari za kwenu tunazipata kwa wanaonunua mikungu ya ndizi."

Mwanvita alisikia ile "marahaba" ilivyokaa vibaya, akaketi.

"Mwanvita, mimi ni nani kwa Sabra?"

"Mjomba wake."

"Mjomba. Kwetu mjomba ni mtu gani? Mpwa wangu anavunja ungo, anawekwa ndani, siku ya kutolewa inapangwa, kuku wanapokelewa, na mimi nasikia barabarani, mkungu uko begani. Aliyeniambia alinipa hongera. Nikaitikia. Ningefanyaje, nimwambie sijui mambo ya nyumba ya dada yangu?"

"Kaka, nani amekwambia? Sabra ana miaka minane. Anatimiza tisa."

"Zamani walingoja. Siku hizi wanakula vitu vya ajabu, wanawahi."

"Kaka, ni sherehe ya kuzaliwa. Kuna keki."

"Na nje anatoka?"

Mwanvita alitazama pazia la chumbani.

"Wamemwona amefunikwa kanga gubigubi, umemshika mkono, unampeleka chooni. Uongo?"

"Si uongo."

"Anapakwa mafuta?"

"Anapakwa."

"Basi usinifanye mtoto. Jumamosi siji, kwa sababu sikuitwa. Msalimie shemeji."

Simu ikakatika. Mwanvita akainua macho, akaitazama nyumba yake kama mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza. Aliona mtoto wa kike yuko chumbani siku ya nne. Beseni lipo, mafuta yapo, kanga ipo. Sebuleni kuna kiti cha kukalishwa mtu na watu wakamtazama. Nyuma ya jiko wapo kuku wawili, na kwenye bakuli kuna unga. Kwa Mluguru yeyote hapo hapakuwa na swali. Alikuwa amemweka mwali ndani, kamili, hakukosea hata kimoja.

Yeye mwenyewe alilelewa na shangazi mjini, na unyago wake ulifanywa kwa siku mbili za likizo, harakaharaka, ili arudi shule. Alijua wimbo mmoja na nusu. Ndiyo maana hakuona alichokuwa akikifanya, na mtaa mzima ukakiona.

*

Ijumaa asubuhi alivuka uchochoro kwenda kwa Eufrazia, mama yake Hosiana. Eufrazia alikuwa akichambua mchicha aliouteremsha kutoka shambani, na alipomwona aliinuka na kujifuta mikono kwa heshima ambayo Mwanvita hakuizoea.

"Mama Hosiana, nimekuja kuhusu kesho. Watoto waje saa nane. Hosiana asikose."

Eufrazia alitazama chini. "Mimi nitakuja, Mama Sabra. Sisi wamama wote tutakuja. Watoto hapana."

"Kwa nini?"

"Unanitega? Watoto wanaendaje kumtoa mwali?"

"Hakuna mwali. Nakuapia. Sabra bado mtoto. Hiyo ni siku yake ya kuzaliwa."

"Ndiyo," alisema Eufrazia kwa upole. "Ni siku ya kuzaliwa."

"Usiniitikie hivyo. Nasema kweli."

"Mama Sabra, mimi Mkatoliki lakini ni Mluguru. Mama mwenye adabu zake hawezi kutoka na kutangaza kwamba mwanawe amekuwa mkubwa. Anakana. Mama yangu alinikana mimi mpaka siku ngoma ilipolia. Unakana vizuri, hongera."

Mwanvita aliona amenaswa. Akikubali, amesema uongo. Akikataa, amethibitisha. Alijaribu tena, akataja keki, akataja bango, akataja umri wa mtoto, na kwa kila alilolitaja Eufrazia alizidi kumpenda.

"Hosiana mwenyewe anasemaje?" aliuliza mwisho.

"Alilia kidogo. Nimemwambia Sabra si wa kucheza naye tena, amevuka. Atazoea."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma. Mwanvita alirudi kwake akipita nyumba za watoto wote aliowaalika, na kila mlango mama alitoka akampa shikamoo au pole au bakuli, na kila mlango mtoto alivutwa nyuma ya gauni.

Alimkuta Stambuli anapiga msasa.

"Tuahirishe," alisema Stambuli alipokwisha kusikia yote. "Nakifungia kiti karakana, tunakula wale kuku, watu wanasahau."

"Hawasahau. Tukiahirisha watasema mwali ameharibika. Tukifanya watasema ametoka. Kwa vyovyote vile hana mtoto wa kucheza naye."

"Basi mwambie Bi Furaha. Kungwi akisema bado, ni bado."

"Nimekwenda. Nimeambiwa ameteremka Mzumbe kwa mjukuu wake, anarudi kesho. Tena amekasirika. Ameambiwa nimemweka mwali bila kungwi."

Pazia la chumbani lilikuwa limesogea. Sabra alikuwa amesimama pale, rasta zimemwangukia usoni.

"Hosiana haji?"

Stambuli aliinamia msasa wake.

"Mwali ni nani?"

"Ni msichana aliyekua," alisema mama yake. "Mwili wake ukibadilika anakaa ndani, wakubwa wanamfunda, halafu anatolewa kwa ngoma."

Sabra alifikiri. "Na binti mfalme?"

"Binti mfalme... huyo ni wa kupamba tu."

"Lakini wote hawatoki nje," alisema Sabra, akarudi kitandani bila kungoja jibu. Alilala chali, asivunje nywele.

*

Jumamosi sebule ilipendeza, lazima isemwe. Utepe wa waridi ulishuka kutoka kwenye mabati mpaka chini, maua yalisimama kwenye chupa zilizofungwa karatasi ya kung'aa, na maputo yalifungwa mbali na dirisha ili jua lisiyapasue. Sahani kumi na mbili za karatasi zilipangwa kwenye mkeka, na kila moja ilikuwa na pipi tatu. Sabra alikalishwa kwenye kiti cha dhahabu, taji kichwani, gauni la buluu limemfunika miguu. Saa nane ikafika. Saa nane na nusu ikapita. Kutoka uchochoroni zilisikika sauti za watoto wakicheza rede, mchezo wa kujaza chupa mchanga huku ukikwepa mpira, na kila mpira ulipogonga ukuta Sabra aligeuza kichwa.

Saa tisa mlango ukagongwa, wakaingia wanawake kumi na mmoja. Nyuma yao alikuwa Bi Furaha, mwembamba, mkavu, na mwanamke wa mwisho alibeba ngoma. Hakuna aliyemtazama Sabra usoni. Waliketi ukutani wamekunja miguu, karibu na sahani za watoto.

"Nimekuja bila kuitwa," alisema Bi Furaha. "Mabinti wote wa mtaa huu nimewatoa mimi. Wewe mwenyewe nilikufunda, siku mbili tu, maana shangazi yako alikuwa na haraka."

"Shikamoo bibi. Hapa hakuna mwali."

"Marahaba. Kila mama anasema hivyo."

Kisha, badala ya kuketi, bibi alianza kuzunguka chumba. Ilionekana udadisi umeshinda hasira yake. Aligusa utepe, akanusa ua, akashangaa kwamba halinuki. Alisimama mbele ya bango muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Ni binti mfalme, bibi."

"Mbona nywele anaziburuza? Hana kwao watu wa kumsuka?"

Wanawake wawili walicheka, wakajifunika midomo.

"Ndivyo alivyo."

"Na yuko peke yake kwenye nyumba kubwa yote hiyo. Anafundwa nini humo?"

"Hafundwi kitu. Ni picha."

Hapo Sabra akafungua mdomo. "Shikamoo bibi."

Chumba kilishtuka. Mwali hasemi, wala hainui macho. Bi Furaha aligeuka taratibu.

"Marahaba."

"Hosiana mmemwacha wapi?"

"Unajua kwa nini umekalishwa hapo?"

"Nimetimiza miaka tisa. Mama alisema wenzangu watakuja wanizunguke. Nimekaa tangu Jumatatu."

Bi Furaha alimtazama mtoto, akamtazama mama. Ule ukali ulikuwa umempungua, na swali lilikuwa limekaa mahali pake.

"Mama Sabra. Kama si mwali, kwa nini umemfungia?"

"Nywele, bibi. Vumbi lingeziharibu."

"Siku ngapi?"

"Tano."

"Sisi tunamweka mtoto ndani kwa sababu kuna la kumwambia lisilosemwa nje. Akitoka, anatoka nalo. Wewe siku tano ulikuwa unamwambia nini?"

Mwanvita alitafuta. Alikumbuka yote aliyomwambia. Kaa vizuri. Usijikune. Kunjua miguu. Usilalie upande huo. Hakupata lingine. Alijisikia aibu mbele ya wanawake wote wale, na zaidi mbele ya yule mdogo aliyekaa wima juu ya dawati la dhahabu, akingoja ruhusa ya kukuna kichwa.

Alikwenda kwenye kiti, akalitoa taji, akaliweka chini. Akafungua mlango wa mbele wote.

"Nenda nje."

Sabra hakusogea. "Na nywele?"

"Nywele zitafuliwa."

"Na gauni?"

"Nenda, mama."

Sabra alishuka, akapita katikati ya sahani, akaanza kutembea, kisha akakimbia. Wanawake wakanyanyuka wote na kujazana mlangoni, maana jambo kama hilo hawakuwahi kuliona.

Uchochoroni mchezo ulisimama. Watoto walirudi nyuma, mpira mkononi mwa Hosiana.

"Mama amesema umekuwa mkubwa," alisema Hosiana.

"Mkubwa wa nini?"

"Sijui. Hakuniambia."

"Hata mimi hawajaniambia. Nani yuko kati?"

Hosiana alimtazama mama yake mlangoni. Eufrazia akageuka kumtazama Bi Furaha. Hosiana akaurusha mpira. Ulimpata Sabra begani na wote waliuona, lakini yeye akadai umegusa gauni tu, na gauni halihesabiwi. Wakabishana. Sabra alipiga mguu chini, akasema Hosiana ni mwizi wa mchezo tangu darasa la kwanza. Rasta ya njano ilichomoka, ikaangukia mavumbini, wala hakuiokota.

Bi Furaha alitazama ubishi ule kwa makini, kama anavyotazama mahindi kabla ya kusema yamekauka. Kisha akapaza sauti ili uchochoro mzima usikie.

"Huyo bado. Bado kabisa. Atakayesema vingine aje kwangu." Akamgeukia mwanamke wa ngoma. "Rudisha hiyo nyumbani. Halafu mniambie ile keki inakatwa na nani."

Wakarudi ndani wakicheka, na Eufrazia akamshika Mwanvita mkono alipompita. Milango ya nyumba nyingine ilifunguka mmoja mmoja, na watoto wakatoka.

Mwanvita alibaki kizingitini. Sabra alikuwa amefika katikati ya mchezo, amechuchumaa, anajaza mchanga kwenye chupa kwa mikono yote miwili huku akikwepa mpira. Gauni la buluu lilikuwa jekundu mpaka magotini. Akainua kichwa, akamwona mama yake. Papo hapo akasimama, akaificha mikono yake yenye mchanga nyuma ya mgongo, akanyoosha miguu, akatulia tuli, shingo wima.

Mwanvita aliona, na ilimuuma kuliko maneno yote ya kaka yake. Alivua kandambili, akashuka mpaka uchochoroni, akachuchumaa karibu na chupa.

"Haijajaa hii," alisema. "Jaza, watakupiga."

Sabra alimtazama usoni kwa muda, kuhakikisha. Kisha akaitoa mikono.